Difu Iliyofungwa Bila Kupimwa

Difu, yaani kisanduku cha giya kinachogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili ili kila moja lizunguke kwa kasi yake gari linapokata kona, haivumilii makisio, na fundi anayeibadilisha kwa kutegemea jicho na nyundo anamdhulumu mteja hata kama gari linatoka gereji likitembea. Safu hii imekwisha kulisema jambo hilohilo kuhusu breki, na wasomaji wake wa Silver Spring na Alexandria wanajua kwamba haitachoka kulirudia.

Kilichoonekana wiki hii katika gereji moja ya kaunti ya Prince George's, Maryland, kinastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Dereva mwenye Ford Explorer ya mwaka 1993, ambayo ndiyo inayompeleka kazini kila alfajiri, alinunua kwenye yadi ya magari mabovu difu iliyotolewa katika Explorer ya mwaka 1996. Kwa macho zilifanana kama mapacha, kwa sababu zote mbili ni za inchi 8.8, kipimo cha upana wa kraunwili, ile giya kubwa ya duara inayosukumwa na giya ndogo iitwayo pinioni. Tofauti ilikuwa kwenye shafti za ekseli, zile nondo nene zinazotoka katikati ya difu hadi kwenye magurudumu: za gari la 1993 zina meno 28 mwishoni, ilhali za Explorer kuanzia 1995 zina meno 31, na shafti ya meno 28 haishikani na giya iliyochongwa kwa meno 31. Kuyahesabu ni kazi ya dakika moja, lakini hakuna aliyeyahesabu mpaka mafuta yalipokwisha kumwagwa, shafti zikachomolewa na gari likabaki juu ya stendi, na dereva akapoteza siku mbili za kazi akitafuta difu nyingine.

Kosa hilo la meno lina afadhali, maana hujifichua lenyewe kabla gari halijatoka. Linalotisha ni lile la shimu, yaani pete nyembamba za chuma zinazopangwa kushoto na kulia kwa beringi za difu ili kuamua kraunwili ikae karibu na pinioni kwa kiasi gani. Uwazi unaoachwa kati ya meno ya giya hizo katika difu ya aina hii ni kati ya inchi 0.008 na 0.015, na hupimwa kwa kifaa chenye sindano na uso kama wa saa. Ukiwa mdogo mno, meno hubanana, hupata moto na kulika. Ukizidi, hugongana kila dereva anapokanyaga mafuta. Difu ya pili ilipopatikana, fundi alichukua shimu zilezile za difu ya kwanza, akazigonga kwa nyundo hadi zikakaa, kisha akasema, "Imeingia." Kifaa cha kupimia kilikuwa kwenye rafu nyuma yake, ndani ya boksi lake, kimefunikwa na vumbi.

Chanzo cha yote hayo ni haraka, kwa kuwa fundi hulipwa kwa idadi ya magari anayoyatoa. Serikali nazo hazimkingi mteja: jiji la Washington liliacha mwaka 2009 kukagua usalama wa magari ya binafsi, likabakiza ukaguzi wa moshi, Maryland hukagua usalama wa gari kuukuu linapouzwa, Virginia hukagua kila mwaka, lakini hata huko hakuna mkaguzi anayefungua kifuniko cha difu. Kwa hiyo anayelipa na adai kwamba idadi ya meno ya shafti na kipimo cha uwazi wa giya viandikwe kwenye risiti kabla hajatoa hata dola moja, na fundi anayekataa kuviandika asipewe ufunguo wa gari.

Asubuhi iliyofuata Explorer hiyo ilikuwa kwenye barabara ya mzunguko ya 495, ikivuma kutoka nyuma kila ilipofika maili 45 kwa saa, na risiti iliyokuwa mfukoni mwa dereva ilikuwa na maneno mawili tu: difu, kazi.