Hiari ya Mchoma Dhahabu

Huko Nyarugusu, mkoani Geita, mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na takriban asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini. Mikono ya mchimbaji inapoanza kutetemeka, hukumu huwa nyepesi: amejitakia mwenyewe.

Kauli hiyo imebeba swali kongwe: je, binadamu ana hiari ya kweli? Baruch Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17, alitoa mfano wa jiwe lililorushwa. Lau lingekuwa na fahamu, lingedhani linaruka kwa kupenda kwake. Binadamu naye hujiona huru kwa kuwa anayajua matakwa yake, lakini hazijui sababu zilizoyazaa.

Sababu za mchimbaji ni nyingi: deni, ada ya mtoto, shamba lililokosa mvua. Elimu ya tiba inaongeza jambo zito zaidi. Zebaki hudhuru ubongo. Hupunguza kumbukumbu, huvuruga usingizi na kumtia mtu hasira za ghafla. Sumu hiyo, basi, hushambulia kiungo kile kile ambacho mtu hukitumia kuchagua.

Hata hivyo, mgonjwa si jiwe. Jiwe halibadili mwendo kwa kuelezwa. Mtu huweza kubadili. Anayejua kwamba ritoti, chombo kilichofungwa, hunasa sehemu kubwa ya mvuke, na kwamba kuchomea nyumbani huwadhuru watoto na mimba, ana njia ambayo jana hakuwa nayo, mradi chombo hicho kipatikane. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unataka uchomaji katika makazi ya watu ukomeshwe: jukumu hilo haliachiwi mchimbaji peke yake.

Hiari yashinda utumwa, walisema wahenga. Lakini hiari hupungua na kuongezeka kama afya yenyewe, na huhitaji kutunzwa. Mhudumu anayemlaumu mgonjwa huipunguza. Anayemhurumia bila kumweleza huiacha ilivyo. Anayemuuliza, "Unachomea wapi, na nani huwa karibu nawe?" ameanza kuitibu.