Kalemie: mashine ya upekuzi haimsimamishi mwenye cheo

Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na kiwanja cha ndege cha Kavumu karibu na Bukavu kikafuata katikati ya Februari, serikali ya Kinshasa ilipoteza viwanja viwili vikubwa vya Kivu katika muda wa wiki tatu. Siku chache baadaye boti zilizotoka Uvira zilishusha askari jeshi kwenye bandari ya Kalemie, wakiwa wamekimbia vita na silaha zao mikononi. Milio ya risasi ikasikika bandarini.

Tukio hilo lilikuwa la ziwani, si la angani. Lakini ndilo linaloeleza vizuri zaidi tatizo la usalama wa wasafiri katika jimbo la Tanganyika. Kila mara silaha inapoonekana mahali ambapo raia wanapanda ndege au boti, majibu huwa mawili. Wengine wanadai mashine za kisasa za kupekua mizigo. Wengine, wakiwa wamechoka kukimbia, wanasema raia nao waruhusiwe kubeba bunduki. Mashine inaweza kusaidia kidogo. Bunduki kwa kila mtu haitasaidia. Na majibu yote mawili yanaliruka jambo lenyewe: mtu mwenye silaha anapofika mlangoni, nani aliyepo hapo anaweza kumwambia asimame, naye akasimama?

Tuanze na sheria, kwa sababu ipo. Kongo ina sheria ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010, na ni nchi mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kanuni za ICAO kuhusu usalama ni wazi. Ofisa wa usalama anayetaka kupanda ndege ya abiria akiwa na silaha lazima awe na kibali maalum kinacholingana na sheria za nchi zinazohusika. Kama silaha inasafirishwa kwa njia nyingine, mtu mwenye ujuzi lazima ahakikishe kwamba haina risasi, kisha iwekwe mahali ambapo hakuna abiria anayeweza kuifikia wakati wa safari. Kanuni hizo hazisemi kwamba kanali anapita bila kuulizwa, wala mlinzi wa mheshimiwa.

Kwenye viwanja vya mikoani, hata hivyo, kazi hiyo inagawanywa kwa watu wengi. RVA inasimamia kiwanja. DGM inatazama karatasi za wasafiri. DGDA inashughulika na ushuru. Polisi wapo, ANR wapo, na mara nyingi jeshi lipo pia, kwa kuwa ndege za kiraia na za kijeshi zinatumia njia moja ya kurukia. Msafiri wa kawaida anapekuliwa mara tatu au nne, kila ofisi ikifungua begi lake juu ya meza, na si ajabu kila meza ikatarajia matabishi. Mwenye gari la vioo vyeusi anapita upande mwingine hadi karibu na ngazi ya ndege. Kwa hiyo yule asiye na kitu anapekuliwa sana, na yule mwenye bastola kiunoni hapekuliwi kabisa. Wingi wa ofisi haujaongeza usalama. Umeongeza watu wa kusema «hiyo si kazi yangu».

Na raia analipa. Tangu 2009 kila abiria anayepanda ndege nchini ananunua Go-Pass. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa safari za nje, na lengo lililotangazwa lilikuwa kujenga na kutengeneza viwanja vya ndege. Mama anayetoka Kalemie kwenda kufuata bidhaa Lubumbashi amelipa fedha hiyo kila safari. Ana haki ya kuuliza imenunua nini upande wa usalama wake, na swali hilo halijawahi kupewa jibu la wazi, kiwanja kwa kiwanja.

Kwamba upekuzi mbaya unaua, Wakongomani hawahitaji kufundishwa na wageni. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ya Filair aina ya Let L-410 ilianguka karibu na kiwanja cha Bandundu. Watu 20 walikufa, mmoja akapona. Kwa maelezo yaliyotolewa kwa jina la huyo aliyepona, abiria mmoja alikuwa ameficha mamba hai ndani ya begi. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza usawa. Wapo waliotilia mashaka maelezo hayo. Lakini dunia nzima iliyasadiki mara moja, na hilo lenyewe linasema jambo kuhusu sifa ya upekuzi wetu. Pale ambapo mamba anaweza kupita, bastola inapita bila shida.

Miaka mitatu baadaye hali ilikuwa nzito zaidi. Tarehe 30 Desemba 2013 wafuasi wa mhubiri Paul Joseph Mukungubila walishambulia televisheni ya taifa, kambi ya Tshatshi na kiwanja cha N'Djili, Kinshasa, huku mapigano mengine yakitokea Lubumbashi na Kindu. Serikali ilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa. Wale vijana hawakupanga mstari wa kupekuliwa. Mashine nzuri kuliko zote duniani ingekuwa ndani ya jengo ikingoja mizigo, na wao wapo nje.

Hata pale mashine inapofanya kazi yake, mtu anaweza kuipita. Mfano mchungu ni wa Mogadishu. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo ilitoboka angani dakika chache baada ya kuruka kwenda Djibouti. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta ya mkononi. Kamera za kiwanja zilionyesha wafanyakazi wawili wakimkabidhi kompyuta hiyo abiria ambaye tayari alikuwa amevuka upekuzi. Alikufa yeye peke yake, na rubani akafaulu kurudisha ndege chini. Mahakama ya kijeshi ya Somalia baadaye iliwahukumu watu kadhaa, na mmoja wa waliopewa kifungo cha maisha alikuwa amefanya kazi ya usalama kiwanjani hapohapo. Mwizi alikuwa na ufunguo wa nyumba.

Wanaotaka raia wabebe silaha hupenda kuitaja Marekani. Basi tuitazame. Mwaka 2015 wapelelezi wa serikali waliojifanya abiria walijaribu mara 70 kuvusha silaha na mabomu ya bandia kwenye viwanja vya nchi hiyo. Walifaulu mara 67. Hao ni watu wenye mashine za bei kubwa, umeme usiokatika na mishahara inayolipwa kwa wakati. Mwaka 2024 wapekuzi wao walikamata bunduki 6,678 kwenye mizigo ya mkononi, na zaidi ya 9 katika kila 10 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa waliokamatwa husema walisahau. Huenda ni kweli: mtu aliyezoea kutembea na bastola kila siku anaisahau kama anavyosahau funguo. Katika jimbo la Georgia sheria inaruhusu raia kuingia na bunduki hadi kwenye ukumbi wa kiwanja, kabla ya mstari wa upekuzi. Mnamo Novemba 2021 huko Atlanta, abiria ambaye begi lake lilikuwa likikaguliwa aliivamia bunduki yake iliyokuwa ndani, ikafyatuka, na umati ukakimbia ukidhani ni shambulio.

Kisa cha Fort Lauderdale kinauma zaidi, kwa sababu hakuna sheria ya upekuzi iliyovunjwa. Januari 2017 mtu mmoja, zamani askari, alisafiri na bastola yake ikiwa imeandikishwa na kufungiwa kwenye mzigo wa chini, kama kanuni inavyotaka. Alipofika alichukua mzigo, akaingia chooni, akaweka risasi, akatoka na kuua watu watano pale wanapongojea mabegi. Kila karatasi yake ilikuwa sawa.

Huku Kongo mjadala una sura nyingine. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 bado ndiyo msingi: raia hawezi kumiliki silaha bila kibali, na anayekamatwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Katiba, katika kifungu cha 190, inaita uhaini mkubwa kitendo cha kuunda jeshi la binafsi au kulea vijana wenye silaha. Lakini Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwaita vijana waunde vikundi vya ulinzi dhidi ya M23, na mwaka 2023 ikaja sheria ya jeshi la akiba. Hapo ndipo neno Wazalendo likapata uzito wake wa leo. Kijana aliyekuwa akisakwa jana kwa kushika kalashinikofu anaitwa leo mtetezi wa nchi, na kadi inayomtofautisha na jambazi haionekani kwa mbali. Ofisa wa RVA asiye na silaha, ambaye pengine mshahara wake umechelewa, atamwulizaje huyo kibali chake?

Wanaoomba silaha wana sababu, na kuwadharau ni kosa. Katika Tanganyika vita kati ya Waluba na Watwa, hasa 2016 na 2017, vilichoma vijiji na kujaza kambi za wakimbizi kuzunguka Kalemie, huku silaha nyingi zikiwa mishale tu. MONUSCO iliondoka jimboni katikati ya 2022. Mtu aliyeona haya yote anajiuliza atalindwa na nani. Lakini vita hivyo vinaonyesha pia kinyume chake: kama mishale ilifanya hayo, kalashinikofu kila nyumba ingefanya nini?

Mpala inajua jibu la zamani la swali hili. Kijiji hicho cha kando ya ziwa, kusini mwa mji wa Kalemie, kilipata kituo cha Wabelgiji mwaka 1883 chini ya luteni Émile Storms. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ulaya. Hadi karne hii lilikuwa bado Bruxelles. Mwaka 1885 kituo kikaingia mikononi mwa Mapadri Weupe, na miaka miwili baadaye akafika kapteni Léopold Joubert kukilinda kwa bunduki dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Mji wa Kalemie wenyewe ulianza hivyo. Mwishoni mwa 1891 kapteni Jacques aliuanzisha kama kituo cha silaha, ukaitwa Albertville.

Inafaa kukumbuka jambo moja hapo. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Bruxelles mkataba wa kupinga utumwa, na ndani yake yakazuia kuingizwa kwa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia jangwani hadi kusini ya mbali. Kwa maneno mazuri lilikuwa zuio la silaha. Kwa matendo, upande mmoja ulinyang'anywa na mwingine ukaendelea kupokea. Babu wa Mpala alipekuliwa, kapteni hakupekuliwa. Anayeshangaa kwa nini watu wa ziwani hawaamini wanapoambiwa «silaha ni za serikali tu» atazame huko pia.

Na kwa mtu wa Mpala, kiwanja cha ndege ni kitu cha mbali. Safari yake ni mtumbwi wa moteri hadi Kalemie au Moba, pamoja na samaki, mihogo na watoto. Ufukwe hauna mlango, na silaha inayohangaisha wakubwa kiwanjani inaweza kuwa ilishuka usiku mchangani, chini ya nyavu. Mtu aliyeivusha anaingia mjini kwa miguu, na kesho yake anakuwa abiria wa ndege kama wengine. Kununua skana kwa ajili ya kiwanja na kuacha ufukwe wote ni kufunga dirisha huku ukuta umebomoka.

Kipo kitu kinachoweza kufanyika bila kungoja wafadhili. Kiwanja na bandari ya Kalemie vinaweza kuwa na chumba kimoja kila kimoja, chenye sanduku la chuma na daftari. Kila mwenye silaha, hata akiwa mlinzi wa gavana, anatoa risasi mbele ya shahidi, anaandika namba ya bunduki na cheo chake, anapewa karatasi, na silaha inasafiri mbali na abiria. Fedha inayohitajika si kubwa. Kinachohitajika ni amri iliyotiwa saini na mkubwa wa jeshi na mkubwa wa polisi pamoja, ibandikwe mlangoni ili ofisa mdogo aweze kuionyesha kwa kidole badala ya kubishana. Kuhusu fukwe, wavuvi na wenye boti wanajua nani anashuka wapi usiku. Watasema siku watakapokuwa na hakika kwamba jina lao halitamfikia mwenye bunduki kabla ya asubuhi.

Ugumu uko kwenye saini. Wanaotakiwa kutia saini amri hiyo ndio wanaofika kiwanjani na walinzi wengi kuliko wote, na hadi sasa hakuna aliyeonekana akifungua mkanda wake wa kwanza mbele ya watu.