Mayoni: Kabla ya Kuingia Mtoni, Uliza Habari za Mlimani

Msomaji wetu, likizo inapokaribia jamaa nyingi za mjini huanza kupanga safari ya nyumbani. Wale ambao kwao ni magharibi huanza kuota samaki wa Nzoia, mashindano ya kandanda kati ya kijiji na kijiji, na mbio za baiskeli katika vijia vya mashamba ya miwa. Wanafunzi nao wana mipango yao ambayo wazazi huelezwa nusu tu: kuogelea, kuvua kwa ndoana, kwenda kupiga picha kwenye maporomoko ya Nabuyole kule Webuye, na kwa wale wenye miguu mikakamavu, kuupanda Mlima Elgon. Nguo hupakiwa, zawadi za nyanya hupakiwa, simu hutiwa chaji. Hali ya anga haimo katika orodha. Ndiyo tutakayoizungumzia leo, na kituo chetu kiwe Mayoni.

Kwa wasioijua, Mayoni ni soko lililo ng'ambo ya Mto Nzoia ukitoka Mumias kuelekea Bungoma, katika Kaunti ya Kakamega. Ni nchi ya miwa na ya mabonde mapana yenye vijito, iliyo kwenye kimo cha mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima hakuna. Asubuhi iliyotakata utauona Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, umelala upande wa kaskazini kama mgongo wa ng'ombe aliyepumzika. Kufikia saa nne au saa tano huwa umekwisha kujifunika mawingu, na mgeni hausahau papo hapo. Mto haumpi nafasi hiyo ya kusahau.

Nzoia huanzia mbali. Maji yake hutoka katika milima ya Cherangani na kwenye mitelemko ya Elgon, yakapitia Trans Nzoia, yakaanguka Nabuyole, yakapokea mito kama Kuywa inayoshuka kutoka Elgon na Isiukhu inayopita msitu wa Kakamega, kisha ndiyo yakafika upande wa Mumias na Mayoni. Kutoka hapo huteremka hadi Budalangi na kuingia Ziwa Victoria. Mto mzima una urefu wa kilomita 250 na zaidi. Kwa hiyo mtu anayesimama ukingoni pale Mayoni anatazama mvua ya watu wengine, iliyonyesha jana au usiku wa kuamkia leo, mahali ambapo hakuwapo na hakusikia hata ngurumo yake. Juu ya kichwa chake jua linawaka, vumbi linatimka barabarani, na mto unajaa.

Watu wa Budalangi wanalijua jambo hili kwa machungu. Mwezi Mei 2020 Nzoia ilibomoa kingo za udongo zilizojengwa kuizuia, na maelfu ya watu wakahama makwao. Mvua iliyoleta maji yale haikuwa ya Budalangi pekee. Sehemu kubwa ilitoka huku juu tunakokwenda likizo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu huua watu waliokwenda kustarehe, na mara nyingi huwaua Jumapili. Jumapili ya Aprili 22, 2012, vijana wa kanisa moja waliokuwa matembezini walisombwa na maji ndani ya korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Miaka saba baadaye, Jumapili ya Septemba 1, 2019, watu saba walikufa katika korongo lilo hilo. Mara zote mbili maji yaliteremka kwa ghafla kutoka sehemu za juu zilizonyeshewa. Upande wa pili wa Elgon, usiku wa kuamkia Jumapili ya Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake katika mji wa Mbale, Uganda, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Elgon ni mmoja, msomaji. Maji yake hayaulizi pasipoti.

Basi ufanye nini? Ukiwa na haja ya kuingia mtoni, waulize kwanza wenyeji wanaoishi na mto: wavuvi, wachimba mchanga, akina mama wanaofua. Waulize kama maji yamepanda tangu jana. Halafu chukua kijiti, kichomeke ukingoni pale maji yanapogusa udongo, na umweke mtu mmoja wa kukitazama. Baada ya robo saa kikiwa kimo ndani ya maji, mchezo umekwisha, toeni watoto. Tazama pia kinachoelea. Majani mabichi, vipande vya mabua, mapovu mengi na magogo ni barua kutoka huko juu. Rangi peke yake haitoshi, maana Nzoia huwa ya udongo karibu mwaka mzima, lakini ikibadilika mbele ya macho yako na kuwa nzito zaidi, usingoje maelezo.

Na mtu asikwambie kwamba maji yamefika magotini tu. Maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, nawe wajua jinsi unavyokuchosha kutoka kisimani hadi jikoni. Sasa fikiria mitungi mia inakupiga miguuni kwa mfululizo, na chini yako kuna mawe yenye utelezi.

Tuuache mto kidogo tutazame juu, kwani Mayoni ina mvua yake yenyewe, na hiyo ina saa zake. Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopata mvua nyingi sana. Mpangilio wa siku haubadiliki sana: asubuhi jua, adhuhuri joto, alasiri mawingu meusi na radi. Sababu ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hivyo upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuja bara. Huku nyuma, upepo mwingine hutoka mashariki ukipitia nyanda za juu za Nandi. Pepo hizi mbili zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na huko juu hupoa na kuwa wingu refu kama mnara. Ndilo wingu la radi na mvua ya mawe. Bonde la ziwa hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

Kwa mpanda baiskeli wa Mayoni kuna hila nyingine. Miwa iliyokomaa humzidi mtu kimo, na ukiwa kwenye kijia kati ya mashamba huoni upeo wa macho hata kidogo. Utaona kipande cha samawati juu ya kichwa na kudhani mambo ni shwari, kumbe nyuma ya miwa wingu limekwisha kusimama. Kwa hiyo mzunguko wako uanze mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na kufikia saa saba mchana uwe umerudi sokoni ukinywa chai. Mechi ya kandanda vilevile. Desturi yetu ya kuanza fainali saa kumi alasiri ni nzuri kwa watazamaji waliotoka shambani, lakini ndiyo saa ya radi yenyewe. Sioni kwa nini fainali haiwezi kuchezwa saa tatu asubuhi.

Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Hesabu ikiwa chini ya 30, radi i karibu nawe kiasi cha kukupiga, na refa hana budi kupiga kipenga. Rudini uwanjani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekwisha kukatika. Kimbilieni jengo la kudumu, au ndani ya gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa. Mwembe wa kando ya uwanja usiukimbilie. Kibanda cha nyasi nacho si kinga: mwezi Agosti 2020, karibu na Arua nchini Uganda, watoto kumi waliuawa na radi, wengi wao wakiwa wamejificha kibandani baada ya mvua kuwakatizia mchezo wa mpira. Kama mko mahali pa wazi kabisa, tawanyikeni, kila mmoja achuchumae miguu ikiwa pamoja, na baiskeli ziwekwe mbali. Habari za kwamba nguo nyekundu huvuta radi ni za kuchekesha tu. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilicho peke yake. Jezi yako vaa ya rangi uipendayo.

Sasa tuje kwa wapanda mlima. Kilele cha Koitobos upande wa Kenya kina mita 4,222, na Wagagai upande wa Uganda kina mita 4,321. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Piga hesabu mwenyewe: ukiwa Mayoni adhuhuri jasho likikutoka kwa nyuzi 28, kule kileleni ni nyuzi kumi hivi, kabla hujaongeza upepo na mvua. Usiku maji huganda. Kijana wa mjini hupanda akiwa na suruali ya jinzi na fulana ya pamba, akanyeshewa saa nane, na kufikia magharibi meno yanagongana. Anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka yumo hatarini. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mvike, mpe kinywaji moto akiweza kumeza, na mteremke. Sweta ya sufu ya mitumba ina faida kuliko jaketi ya bei kubwa inayopitisha maji.

Kalenda ya shule nayo haitusaidii. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, mito ikiwa imejaa na ardhi ya Elgon na Cherangani imelowa hadi ndani. Likizo ya Agosti ndiyo inayowapumbaza watu wa Nairobi. Huko kwao Agosti ni baridi na ukavu, wakadhani nchi yote iko hivyo. Magharibi mvua huendelea kunyesha Agosti, na Elgon hulowa sana. Ukitaka kupanda, ngojea mwisho wa Desemba hadi Februari, ingawa siku hizi hata Desemba yahitaji kuulizwa, kwani ipo miaka ambayo mvua za vuli hukawia kuondoka.

Kuhusu utabiri, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa za kila siku, za siku saba na za msimu, na ina ofisi katika kaunti. Kosa la wengi ni kusoma ya Kakamega peke yake. Anayekwenda mtoni Mayoni asome pia ya Bungoma, Trans Nzoia na Pokot Magharibi, kwani huko ndiko mto wake unakotoka. Kile kijipicha cha wingu na matone kwenye simu usikitegemee sana. Kinakupa siku nzima kwa alama moja, nawe unataka kujua saa. Kuna pia wazee wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore, Kaunti ya Vihiga, mashuhuri kwa kusoma miti, wadudu na ndege, ambao wataalamu wa idara wamekuwa wakikaa nao na kulinganisha utabiri wa msimu. Mimi hufurahi kila nikiwasikia. Lakini wao huzungumzia msimu, na wewe una ndoana mkononi na mtoto wa dada yako kiunoni mwa maji saa tisa alasiri.

Basi chomeka kile kijiti. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutaingia msitu wa Kakamega tuone ni viatu gani vinavyofaa kwenye matope yake.