Jumba la Kina Mama wa Kata ya 15

Novemba 2018 ilitimia miaka 150 tangu Sarah Kimball ashike mwiko na nyundo mjini Salt Lake City, Utah, akaweka jiwe la msingi la jumba la kina mama wa Kata ya 15 ya Wamormoni. Ilikuwa tarehe 12 Novemba 1868. Fundi mwashi alikuwapo, lakini siku hiyo kazi yake ilikuwa kumsaidia mama. Jumba lenyewe halipo tena. Kazi iliyofanyika humo inaendelea, nasi tunaisherehekea kwa moyo wote.

Sarah alikuwa na msimamo wake tangu ujana. Huko Nauvoo, Illinois, Wamormoni walipokuwa wakijenga hekalu, alimuuliza mumewe, Hiram, mtoto wao wa kiume wa siku tatu ana thamani gani. Je, yafika dola 1,000? Hiram, ambaye alikuwa bado hajabatizwa, akasema zaidi ya hizo. Basi nusu yake ni yangu, Sarah akamwambia, nami naitoa kwa ajili ya hekalu. Hiram alilipia nusu hiyo kwa ardhi! Mwaka 1842 Sarah alitoa kitambaa, na mshonaji Margaret Cook akajitolea nguvu zake, ili wajenzi wapate mashati. Majirani wakavutiwa, na tarehe 17 Machi ukazaliwa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama. Nyumba yake ya Nauvoo ingali imesimama.

Baadaye alihamia Utah, nayo ilimpokea kwa shida. Mali ya mumewe ilipopotea, alifundisha shule ili familia ipate chakula. Mwaka 1863 akawa mjane. Lakini tangu 1857 alikuwa ndiye rais wa Muungano wa Usaidizi wa kina mama wa kata yake, na hao ndio waliochanga, wakashona, wakauza, hadi wakajenga jumba lao. Ghorofa ya juu ilikuwa ya ibada, sanaa na elimu. Ya chini ilikuwa duka.

Tunalitilia mkazo duka hilo. Kikundi cha kina mama kinachokutana kwa hisani ya wengine huomba ruhusa hata ya kupanga viti. Hawa walikuwa na mlango wao, hesabu zao na bidhaa zao, na kata nyingine zikaiga.

Tarehe 6 Januari 1870 walikusanyika jumbani humo kupinga muswada wa Bunge la Marekani dhidi ya ndoa za wake wengi za Wamormoni. Msomaji wa leo anaweza kutokubaliana nao kuhusu ndoa hizo. Hata sisi hatuna haja ya kuzitetea. Lakini katika kikao hicho hicho walidai haki ya kupiga kura, na tarehe 12 Februari sheria ya kuwapa haki hiyo ikatiwa saini. Siku mbili baadaye mwalimu kijana, Seraph Young, akapiga kura.

Mwaka 1887 Bunge la Marekani liliwanyang'anya haki hiyo. Sarah, akiwa na umri wa karibu miaka 70, aliingia tena ulingoni, akaongoza chama cha Utah cha kudai kura za wanawake. Kura ilirudi mwaka 1896 Utah ilipokuwa jimbo kamili, na mwaka huo huo daktari Martha Hughes Cannon akachaguliwa kuwa seneta wa kwanza mwanamke wa jimbo nchini Marekani. Sarah alikuwa bado hai, na bado ndiye rais wa kina mama wa Kata ya 15.