Hakiuzwi Hiki, Jamani!

Jaribu siku moja uende kazini na kipochi ulichokishona mwenyewe kwa kipande cha kitenge kilichobaki. Robo saa haiishi, mtu atakiona. "Mh! Kizuri, umenunua wapi?" Ukijibu kwamba umeshona mwenyewe, sifa hudumu sekunde tatu tu, halafu linakuja swali lenyewe: "Sasa mbona huuzi?" Kabla hujafungua mdomo, mwenzako ameshakupigia hesabu ya vipochi ishirini kwa mwezi, ukurasa wa Instagram na bodaboda wa kupeleka mizigo. Umeingia ofisini na kipochi, unatoka na kampuni!

Moyo huo nauelewa. Mshahara wa mjini tunaujua, ikifika tarehe 15 umeshaaga. Na simsemi anayeuza: wapo wanawake Unguja na Pemba ambao ukili na kofia za mkono ndiyo mshahara wao, na ndiyo ada za watoto wao. Hiyo ni kazi, iheshimiwe na ilipwe vizuri. Ila mwezi huu, mpenzi msomaji, nataka kuitetea ile shughuli nyingine, ya kivivu, ya Jumamosi jioni, ya kukaa na sindano na uzi ukatengeneza kitu ambacho hakina mteja.

Nina shoga yangu, tumwite Mama Nanihii, anayejua kufuma. Alianza alipokuwa mjamzito, akafuma kofia ya mtoto, soksi, kisweta. Mtoto alipozaliwa hakuacha. Kila usiku, vyombo vikishaoshwa na mtoto akilala, alikaa kwenye kochi na bonge lake la uzi kwa saa moja. Saa hiyo haikuwa ya bosi, haikuwa ya mtoto, wala ya mtu yeyote. Mumewe, kwa nia njema kabisa, akapiga picha kisweta kimoja akakirusha kwenye grupu la kazini kwake. Wiki ile ile zikaja oda saba. Akanunua daftari, akaandika majina, rangi, saizi na tarehe ya kuchukua mzigo. Kuanzia hapo ile saa moja ikawa saa tatu, na swali la mume akirudi nyumbani likawa si "umeshindaje?" bali "kile cha bluu umefikia wapi?"

Miezi miwili baadaye wakagombana vibaya. Wenyewe walidhani wanagombania pesa ya uzi. Mama Nanihii akaitia sindano ya kufumia kwenye droo, na mwaka ukapita hajaigusa. Mume hakuelewa mpaka leo asubuhi, kama unavyowajua. Aliona amemsaidia mkewe kufungua biashara. Mke aliona amenyang'anywa chumba pekee cha nyumba ile kilichokuwa chake.

Wapo wangapi wa hivyo kati yetu? Tumefika mahali mtu akisema anapenda kitu, tunamuuliza kinalipa shilingi ngapi. Na kwenye ndoa swali hilo lina makali zaidi, kwa sababu anayeuliza ndiye mtu pekee ambaye hukutegemea umwekee hesabu.

Mama zetu walikuwa na akili kwenye hili, ingawa hawakuliandikia makala. Kumbuka zile foronya za kudarizi, nyeupe, zenye maua pembeni na maneno katikati: "Lala salama", "Usiku mwema", nyingine za mahaba zaidi ambazo zilitolewa kabatini mgeni akishaondoka. Nani alizinunua? Binti alikaa nazo mwenyewe miezi, mshono mnyororo kwa mshono mnyororo, huku akimfikiria mtu ambaye kichwa chake kitalala pale. Na zile kofia za pwani zenye vitobo vidogo vidogo, zinazochukua wiki kadhaa na hata miezi, zimeuzwa sana, ndiyo, lakini kofia ambayo mke amemshonea mumewe haina bei, na mume anayeivaa anajua anatembea na jioni ngapi za mkewe kichwani.

Jambo jingine walilolijua ni kwamba mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Tazama wanawake wanaosuka ukili barazani: macho yako kwenye miyaa, vidole vinakwenda vyenyewe, na maneno mazito yanapita bila mtu kumkazia mwenzake macho. Linganisha na vile "vikao" vyetu vya wachumba wa kisasa: "Kaa hapa, tuongee." Ukisikia hivyo tumbo linakata! Mnatazamana kama mko mahakamani, kila mmoja anamsubiri mwenzake akosee neno. Lakini mkiwa upande mmoja wa meza, huyu anakata, yule anapinda pindo, lile jambo la mama mkwe au la mkopo linaweza kutoka taratibu, likakaa kimya kidogo wakati uzi unapitishwa kwenye tundu la sindano, kisha likajibiwa. Kimya hicho hakimtishi mtu, kina sababu.

Na akina kaka msinitazame hivyo. Tembea mitaa ya Kariakoo uhesabu waliokaa nyuma ya vyerehani, wengi ni wanaume wenzenu. Sindano haijawahi kuwa ya kike, isipokuwa inapofika kwenye kifungo cha shati lako mwenyewe!

Sasa basi, mnaanzia wapi? Anzeni na mto wa kochi. Chukueni kanga moja kutoka kwenye doti. Kama ni mpya, ifueni kwanza peke yake, maana rangi huchuja, na ile wanga ya dukani ikitoka kitambaa kinakuwa laini kushona. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata kipande kimoja cha mbele 43 kwa 43 na viwili vya nyuma, kila kimoja 43 kwa 30. Vile vya nyuma vipindwe ukingo mmoja kila kimoja, ule mrefu, vishonwe. Laza cha mbele, uso juu. Weka vya nyuma juu yake vikiwa vimegeuzwa, pindo zote katikati, kimoja kikilalia kingine. Shikiza kwa bandi, kisha shona pande zote nne ukiacha sentimita moja na nusu, halafu geuza. Umepata foronya ya bahasha, haina zipu, haina kifungo. Kwa mkono, wawili mkipokezana, jioni mbili zinatosha na maongezi yake.

Raha yenyewe iko kwenye kukata. Ukitaka jina la kanga lionekane, pima kwanza, maana mara nyingi maneno ni marefu kuliko mto wa mraba. Hapo fanya mto mrefu badala ya kumkata mtu sentensi katikati. Na kuchagua ni jina lipi likae sebuleni, mbele ya mawifi, ni kikao kingine kabisa, nawaachia wenyewe.

Sitawadanganya kwamba mtaokoa pesa. Ukijumlisha kanga, uzi na cha kujazia, pengine mto wa dukani ni nafuu. Mishono yenu itakuwa na mlevi mmoja mmoja njiani. Mtaupenda hivyo hivyo. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Marekani, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, walichapisha utafiti ambamo watu wasio mafundi walikunja vyura na ndege wa karatasi kwa mtindo wa Kijapani, kisha wakataja bei ya kuondoka na walichokitengeneza. Kwa wastani walifika kama senti 23 za dola. Watu wengine, kwa karatasi hizo hizo, walitoa senti 5! Lakini kuna sehemu ya utafiti ule inayonigusa zaidi: kazi ikiachwa njiani, au ikifumuliwa baada ya kumalizika, mapenzi hayo hupotea. Kwa hiyo chagueni kitu kidogo mkimalize. Shuka la futi sita kwa sita la kudarizi liacheni kwanza, litazeekea chini ya kitanda na kuwasuta kila mkifagia.

Mama Nanihii? Sindano ya kufumia bado iko kwenye droo. Siku hizi anadarizi foronya mbili, zake na za mumewe, na amekataa kusema zitakwisha lini. Mume ndiye aliyechora herufi kwa penseli, ana mwandiko mzuri kuliko mkewe. Daftari la oda sijui liko wapi, sikuuliza. Juzi nilipopita nikamkuta bwana huyo amekaa sakafuni, kimya, anafumua fundo la uzi mwekundu kwa ncha ya pini, na mkewe anamsimulia jambo la kazini kwake ambalo, aliniambia baadaye, alikuwa nalo tangu Januari.

Kwa kujazia mto, mkipata sufi ni bora zaidi, ni nyepesi na inakaa vizuri kuliko vipande vya sponji. Itoeni mbegu kwanza. Na tafadhali, zimeni feni kabla hamjafungua mfuko.