Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Jamani, kuna jambo la sataranji linanikera, na hata kama huujui mchezo wenyewe utanielewa.

Tarehe 4 Septemba 2022, kwenye mashindano ya Sinquefield Cup mjini St. Louis, Marekani, Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wakati huo, alikaa na kete nyeupe mbele ya Hans Niemann, kijana wa miaka 19 mwenye alama ndogo kuliko washiriki wote. Carlsen alikuwa amecheza michezo 53 bila kupoteza hata mmoja. Akapigwa. Kesho yake akajitoa mashindanoni, akaweka Twitter video ya Mourinho akidai kwamba akisema atajitia matatani.

Basi! Dunia nzima ikaelewa: kijana kaiba. Ushahidi? Hakuna. Baadaye mwezi huohuo wakakutana kwenye mashindano ya intaneti. Carlsen akasogeza kete moja tu, akasalimu amri. Tarehe 26 ndipo akatamka wazi tuhuma zake, na sababu mojawapo eti kijana hakuonekana kuwa na wasiwasi. Yaani siku hizi kutulia nako ni kosa?

Najua mtaniambia Niemann mwenyewe alikiri kudanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na 16. Kweli. Na ripoti ya Chess.com ya Oktoba 2022 ilisema huenda alidanganya mtandaoni katika michezo zaidi ya 100. Simvishi mtu joho la utakatifu hapa. Lakini ripoti hiyohiyo haikuwa na ushahidi wa uhakika kwamba aliwahi kuiba ana kwa ana. Aliyeiba kuku mwaka juzi hafungwi kwa ng'ombe aliyepotea leo.

Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya msingi. Mashtaka mengine akaachiwa.

Sasa geuza ubao. Kijana asiye na jina apigwe na bingwa, kisha aondoke akiacha video ya kocha wa mpira. Nani angemsikiliza? Tungemcheka. Mwenye nguvu mpishe, ndiyo sheria tuliyoifuata.

Bingwa akiwa na ushahidi, auweke mezani. Kama hana, ampe mwenzake mkono, apange kete upya.

Nawasilisha.