DAFTARI LA MATANGAZO LISIWE KICHAKA CHA WALAGHAI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari la soko limo ndani ya kompyuta. Mwananchi anayetafuta chumba Mbagala, kitanda Tandale au pikipiki Tandika hana haja ya kuzunguka juani; hufungua simu yake akasoma matangazo madogo madogo kwenye intaneti. Hayo ni maendeleo, nasi tunayaunga mkono.

Lakini matangazo hayo hayaelei hewani. Hukaa katika kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu, na ghala likipangwa ovyo anayeumia ni mnyonge.

Tumfikirie ndugu yetu wa Unguja au Pemba anayeshuka bandarini Dar es Salaam, akiwa amesoma kwamba chumba kipo Mbezi. Mbezi ipi? Iko Mbezi Beach ya Kinondoni, upande wa bahari. Na iko Mbezi Luis ya Ubungo, kwenye Barabara ya Morogoro. Daftari lisilorekebishwa litaendelea kuiweka Kimara katika Kinondoni na Kibada katika Temeke, ilhali Ubungo na Kigamboni zilikwisha kumegwa zikawa wilaya zinazojitegemea. Isitoshe, chumba kimoja kikitangazwa na madalali watatu kwa bei tatu, kompyuta huhesabu vyumba vitatu. Kikishapata mpangaji, tangazo hubaki pale pale, na mgeni hulipa nauli na ada ya dalali ili aonyeshwe mlango wa mtu mwingine.

Dawa ipo. Mwaka 1970 mtaalamu Edgar Codd wa kampuni ya IBM alieleza namna ya kupanga kumbukumbu katika majedwali yanayohusiana. Basi pawe na jedwali la watangazaji, la nyumba na bidhaa, la matangazo, na la mahali. Kila nyumba iandikwe mara moja kwa namba yake. Hata madalali kumi wakiitangaza, wote waelekezwe kwenye namba hiyo. Mahali pachaguliwe kwa wilaya, kata na mtaa. Kila tangazo liwe na tarehe ya ukomo, na lisipothibitishwa upya liondolewe. Wapo watakaosema kwamba wingi wa matangazo ndio sifa ya soko. Sisi twasema sifa ya soko ni ukweli wake.

Namba ya simu ya mwananchi nayo ni amana. Madaftari haya huhama mikono: Aprili 2019 kampuni ya Jiji ilitangaza kununua biashara ya OLX katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwamo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lazima izingatiwe tangu siku ya kuchora majedwali, si baada ya siri kuvuja.

Viongozi wa serikali nao wana wajibu. Mwaka 2022 taifa liligharimia zoezi la anwani za makazi. Orodha sahihi ya kata, mitaa na anwani hizo itolewe kwa watengenezaji wa masoko haya kwa utaratibu ulio wazi. Kibao cha namba kilichopigiliwa mlangoni kimlinde mpangaji asitapeliwe, kisiwe pambo la ukuta.